Siku Tisa za Taa ya Kijani

Vijana wangu, najua mnasoma karatasi hizi mkiwa mmesimama, na mmoja wenu ameshashika waya. Uweke chini. Kaeni. Hakuna anayewakimbiza.

Kimashine hicho kilicho juu ya rafu, kisichozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisa, nimekilinda miaka kumi na mmoja katika chumba hiki cha kompyuta hapa Base Camp, katikati ya kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale. Leo nawakabidhi kwa sababu macho yangu yameingia ukungu, na daktari wa Mbarara amenikataza kukodolea kioo. Nywila mtazikuta ndani ya bahasha, lakini nywila ni jambo la dakika moja. Haya mengine nilijifunza kwa miaka, na moja katika hayo nilijifunza kwa hasara ya mtu mwingine. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha vitabu, lakini kile cha kwetu Fizi kikipenya, mnisamehe.

Tuanze na kazi yenyewe, maana nimewasikia mkisema kwamba ni "mashine ya siri". Haina siri yoyote. Duniani kuna watu wanaojitolea, kila mmoja na mashine yake, na ujumbe wa mtu unapita katika mashine tatu kabla ya kufika unakokwenda. Ya kwanza inajua aliyeuleta, lakini haijui unakwenda wapi. Ya mwisho inajua unakwenda wapi, lakini haijui umetoka kwa nani. Ya katikati haijui lolote, inapokea na kupokeza tu. Mashine kama hizo tunaziita rele. Anwani zake zimeandikwa kwenye orodha inayosomwa na kila mtu, na ndiyo maana serikali isiyoutaka mtandao huo inachukua orodha na kuzifunga zote kwa siku moja. Kwa hiyo kuna rele nyingine ambazo haziandikwi popote. Anwani yake inatoka mkono kwa mkono, kwa mtu unayemwamini. Hiyo tunaiita daraja. Yetu ni daraja.

Mwezi wa kwanza sikuiwekea kikomo chochote. Mimi nilikuwa fundi wa redio, bando la intaneti nalijua kwa kulisikia, na nilifikiri kujitolea ni kutoa vyote. Siku ya pili asubuhi data ya chumba kizima ilikuwa imekwisha. Katekista hakuweza kuchapa ratiba ya misa, wanafunzi wakakaa mbele ya vioo vitupu, na mama mmoja wa kikundi cha cherehani akanisimamia mlangoni mikono kiunoni.

"Baba Neema, muzee muzima kama weye, unaangaliaka filme gani za kumaliza bando ya batu bote?"

Nikamwambia si mimi, ni mashine.

"Ah! Kumbe mashine ndiyo inaangaliaka filme!"

Walinicheka wiki nzima. Mpaka kesho wako wanaoniita Baba Filme, na mimi nimezoea.

Aliyenifundisha ni Afande Jovia. Huyu alikuwa mama wa mawasiliano jeshini, alistaafu na kubaki Mbarara karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, na nyumbani kwake alikuwa na rele kubwa yenye laini nzuri. Ndiye aliyetuletea hiki kimashine akiwa amekifunga ndani ya kitenge. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kinakwenda mbele kwa mguu wa kushoto tu, lakini neno lake lilikuwa halipotei. Alikuja baada ya ule msiba wa filme, akakaa, akaangalia hesabu zangu.

"Mzee, wewe nahesabu vibaya. Hii kitu nakula mara mbili. Ile naingia, moja. Ile natoka, mbili. Kampuni nahesabu yote. Wewe nahesabu moja tu. Sasa bando itaacha kufa kwa nini?"

Shikeni hilo. Rele haihifadhi kitu. Kila inachopokea inakitoa, kwa hiyo ukiiruhusu giga kumi ziingie, kampuni itakukata ishirini. Mkipanga kikomo, pangeni kwa nusu. Nimeona watu wenye shahada wakisahau jambo hili.

La pili alilonifundisha ni kasi mbili. Kuna kasi ya kila wakati, na kuna ile ya kushtuka, pale mtu mmoja anapopeleka picha nzito na mashine inataka kuruka. Ukipima ya kwanza ukaacha ya pili wazi, ni kama hukupima. Ziandikeni zote mbili, na ile ya kushtuka isizidi sana ile ya kawaida. Mtaona kwenye faili nimeandika pembeni kwa nini kila namba iko pale ilipo. Ukibadilisha namba, andika sababu. Usimwachie mwenzako akisie.

La tatu ndilo lenye maneno. Mashine hii inajua kujihesabia kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Ukiipa mgao wa siku na ikaumaliza, inalala, na siku mpya ikianza inaamka yenyewe, haimngoji mtu. Afande Jovia alitaka tuhesabu kwa siku. Na alitaka zaidi ya hapo: kasi iwe ndogo kiasi kwamba mgao wa siku hauishi kabisa.

"Kama maji ni kidogo, wewe hapana funga bomba. Wewe punguza. Itoke polepole, lakini itoke. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisema ndiyo afande. Kusikia nilisikia vizuri sana.

Siku hizo intaneti yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Ninyi mmeikuta ikiingia kwa waya ukutani, mnanung'unika ikichelewa nukta mbili. Sisi tulikuwa na modemu ndogo ya kuchomeka, na ili ishike mtandao tuliifunga ndani ya sufuria juu ya paa, mdomo wa sufuria ukielekea mnara wa simu wa Ngarama. Ilifanya kazi, msicheke. Mwenye sufuria alikuwa mke wangu, ambaye alilitafuta miezi miwili akimshuku jirani. Alipoliona juu ya paa hakusema neno, alileta ngazi. Siku hiyo daraja lilikufa saa nne nzima, na sisi tulikula ugali.

Sasa nije kwa Mama Goreti. Mnamjua, ndiye anayekuja Jumapili baada ya misa na kusimama mlangoni. Hamjui kwa nini anakuja.

Nchi aliyotoka sitaitaja. Kwa kazi yetu, jina lisilo na lazima haliandikwi. Alifika hapa na watoto wawili wadogo, na yule mkubwa, Goreti, alibaki kule kwa sababu alikuwa mwalimu na hakutaka kuacha darasa lake. Kisha walikuja watu, wakawachukua wanafunzi wake wawili mchana kweupe, na Goreti aliwaona sura. Akakubali kusema majina ya watu hao mbele ya viongozi wa kanisa. Tangu siku hiyo hakulala nyumba moja wiki mbili. Simu yake ya kawaida ilikuwa inasikilizwa. Mwenzake aliyempigia aliitwa kuhojiwa kesho yake. Njia pekee ya kupata neno kutoka kwa mama yake ilikuwa daraja letu. Anwani nilimpa mama mwenyewe kwa mkono wangu, na yeye akaifikisha kwa mtoto kupitia msafiri.

Mnaona kosa la kwanza? Mwenye rele hatakiwi kujua nani anapita. Mimi nilijua. Mama Goreti alikuwa anakuja hapa jioni kuandika na kusoma, na akisoma anatabasamu, na mimi nafurahi kana kwamba barua ni yangu. Jioni moja akaniambia kwa adabu yake ile ya kwao, mikono imekunjwa:

"Baba Neema, mtoto anasema jioni njia inafungwa. Anajaribu, inakataa mpaka kesho. Na jioni ndiyo wakati anapopata simu ya mtu."

Ilikuwa kweli. Kasi nilikuwa nimeiacha kubwa, na mgao wa siku ulikuwa unaisha saa kumi na moja jioni. Dawa yake mnaijua, mmeisoma hapo juu: punguza kasi. Lakini nikafikiri, nikipunguza, barua ya huyu mama itatambaa, na bado data nyingine inabaki bila kutumika. Nikajiona na akili. Nikaondoa hesabu ya siku. Nikafanya hesabu ya rasio.

Ninyi mliozaliwa hapa hamhitaji kuelezwa, lakini karatasi hizi zinaweza kusomwa na mgeni. Hapa Nakivale mwezi hauanzi tarehe moja. Mwezi unaanza siku ya mgao wa chakula, siku ya rasio. Ndoa inapangwa kwa rasio, ugomvi unamalizwa baada ya rasio, na chama chetu cha wanaotumia chumba hiki kilichanga bando la intaneti siku ya rasio, maana ndiyo siku kila mwanachama anapanda Base Camp. Basi nikaweka kikomo kwenye rauta, kile kisanduku kinachogawa intaneti ya chumba: sehemu ya daraja ni hii hapa, ikiisha mlango ufungwe ili wanafunzi wasikose chao, na mlango nitaufungua mimi kwa mkono siku ya rasio inayofuata. Nikapima matumizi vizuri, siku kwa siku, yaishe siku ileile chakula kinapofika. Nikaona nisibakize hata tone, kwa sababu bando lisilotumika linakufa bure. Kila mama wa hapa anaficha kopo la unga kwa ajili ya rasio itakayochelewa. Mke wangu anaficha mawili. Mimi mwanaume mwenye mahesabu sikuficha kitu.

Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Jioni njia haikufungwa tena. Mama Goreti aliniletea maharage kwa shukrani.

Kisha mambo ya Goreti yakakaza. Ilibidi atoke. Mama yake alikuwa anamjua mama mmoja muuza dagaa anayevuka mpaka na mizigo yake, mtu wa kuaminika, akakubali kumchukua Goreti kama msaidizi wake. Kilichobaki ni kumwambia mtoto siku na soko. Mama Goreti akaja hapa, akaandika: Alhamisi, soko fulani, mama mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Akatuma kwa intaneti ya chumba, ambayo ilikuwa nzima. Ujumbe uliondoka hapa. Lakini ili Goreti aufungue kule, ilikuwa lazima apite kwenye daraja.

Rasio ilichelewa. Walitangaza malori hayajafika, tungojee. Mimi nilikuwa nimekodi kipande cha shamba Ngarama na maharage yalikuwa yamekauka, nikaona bora nikavune kuliko kukaa na kungoja malori. Kabla ya kuondoka nilipita hapa kuangalia mashine. Taa ilikuwa ya kijani. Nikamwachia katekista ufunguo wa chumba, nikaenda.

Vijana, taa ile inasema umeme upo. Haisemi kitu kingine chochote. Mashine ilikuwa macho, rauta imeshaifungia mlango asubuhi ileile, na taa inawaka kijani vizuri kabisa. Msiangalie taa. Fungueni kumbukumbu za mashine, someni mistari ya mwisho, muone saa. Kama mstari wa mwisho ni wa jana, hakuna anayepita, hata taa iwake rangi zote za upinde wa mvua.

Nilikaa Ngarama siku tisa. Nilirudi siku ya rasio, na nikamkuta Mama Goreti kwenye mstari na gunia lake tupu mkononi. Akanisalimu. Akaniuliza habari za maharage. Halafu akasema:

"Baba Neema, mtoto amenyamaza. Tulikubaliana akiona hatari anyamaze. Basi ninanyamaza na mimi."

Niliacha mstari, nikaja hapa karibu mbio, mzee mzima. Nikafungua kumbukumbu. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku niliyoondoka. Baada ya hapo siku tisa nyeupe.

Nilifungua mlango palepale. Haikuchukua hata dakika. Nilibonyeza mara moja tu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba ilikuwa kubonyeza mara moja tu.

Alhamisi ilikuwa imepita siku mbili kabla. Muuza dagaa alikwenda sokoni, akakaa na kitambaa chake cha kijani tangu asubuhi mpaka watu walipofagia, akarudi peke yake. Baadaye tulisikia, kwa mdomo wa mtu aliyesikia kwa mtu, kwamba mwalimu mmoja msichana alionekana wiki ile akiomba simu ya mpita njia kandokando ya barabara. Huenda ni yeye. Huenda siye. Tangu hapo hatujapata neno.

Nilikwenda Mbarara kwa Afande Jovia. Alinikaribisha chai, nikamweleza yote, chai ikapoa. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mimi nilisema punguza. Wewe ulisema ndiyo afande."

"Nilisema."

"Wewe ulilaza sentri kwa lango, mzee. Siku tisa. Kwa jeshi hiyo ni kesi." Akaangalia nje. "Sasa kesi yako ni kwa yule mama. Kwangu umepotea njia. Enda kwake."

Ilinichukua wiki tatu kwenda. Nawaambia ukweli, niliogopa. Ningeweza kunyamaza, Mama Goreti hakujua habari za rauta, alifikiri mtoto amenyamaza kwa hiari yake. Mtu mwingine angemwachia fikra hiyo na kuiita huruma. Nilimkuta kwake anapukuchua mahindi. Nikakaa kwenye kibao bila kukaribishwa, nikasema yote: kasi, rasio, shamba, taa. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza akauliza:

"Siku ngapi?"

"Tisa."

Mikono ikasimama. "Kwa hiyo hakunyamaza," akasema. "Alikuwa anabisha hodi."

Nililia mbele yake, na yeye hakulia. Akachukua hindi jingine. Kisha akasema bila kuniangalia: "Usiifunge tena, Baba Neema. Kama yuko, atabisha tena." Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Jumapili iliyofuata alikuja hapa mlangoni.

Nikarudisha hesabu ya siku jioni ileile niliyotoka kwake. Nikapunguza kasi mpaka ikawa ya kutambaa. Nikaweka akiba isiyoguswa, kopo langu la unga, inatosha wiki mbili za malori yaliyochelewa. Na kila asubuhi nasoma mistari ya mwisho kabla ya kuvua koti. Barua zinachelewa, ndiyo. Picha zinakwama. Wapo watakaowanung'unikia, na wengine watawaletea maharage ili muongeze kasi. Kuleni maharage, kasi iacheni.

Limebaki moja. Daraja linatunza hesabu ya waliopita kila siku, kwa nchi, lakini waliolitengeneza walikuwa na busara: halisemi mmoja, halisemi watatu. Linapandisha kwa nane nane. Akipita mtu mmoja linaandika nane. Wakipita wanane linaandika nane. Hivyo hata mtu mbaya akiiba mashine, haitamwambia kitu. Anwani ya daraja hili wanayo watu wachache wa nchi ile, si Goreti peke yake.

Jumapili Mama Goreti atakuja. Hataingia, kwa sababu ya matope ya viatu. Atauliza, "Leo imesema ngapi?" Fungueni ukurasa, tafuteni nchi ile, mumsomee mlichokiona. Msimwambie ni Goreti, msimwambie siye. Hamjui, na mimi sijui. Mwambieni, "Nane, mama." Yeye atasema, "Haya, Mungu ashukuriwe," atatengeneza kitenge chake na kwenda.

Siku moja mnaweza kukuta sifuri. Kama daraja lilikuwa wazi siku nzima na hakuna aliyebisha, mwambieni sifuri, ni haki yake kujua. Lakini kwanza someni mistari ya mwisho, muangalie saa, muwe na hakika kwamba aliyenyamaza si sisi.